Jina la Tisa Kwenye Karatasi ya Mahudhurio

Kwa miaka ishirini na mitatu, hakuna chuma kilichogusa mwili wa mtu katika thieta ya Hospitali ya Mwembeguni, huko Temeke, kabla ya kupita mikononi mwa Anastasia. Madaktari walikuja na kuhamishwa, waganga wafawidhi watano walipokezana kiti, kuta zikatoka rangi ya kijani zikawa za maziwa, naye alikuwa pale pale, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya thieta. Aliosha mikasi na visu, akavikagua meno na maungio, akavifunga ndani ya vitambaa na kuviingiza kwenye mtambo wa mvuke ambao kila mtu hospitalini aliuita otoklevu. Cheo chake kilikuwa mhudumu wa afya, ngazi ya mwisho kabisa katika orodha ya watumishi, ile ambayo wageni rasmi wakija hawaoneshwi. Majirani zake wa Mtoni walimwita nesi, naye aliwakatalia.

"Mie si nesi. Mie naosha vyuma."

Aliyasema hayo bila unyonge. Marehemu mumewe, Leonardi, aliyekuja naye mjini kutoka Newala, alikuwa mchonga vinyago, na alikuwa na mazoea ya kukigeuza kinyago cha mwenzake na kutazama mgongo kabla ya uso. Kazi, alisema, hupimwa upande ambao mnunuzi hatautazama. Anastasia aliishika kauli hiyo. Mgonjwa aliyelala thieta hakumjua, wala hakupaswa kumjua. Aliyemjua ni yule ambaye kidonda chake kilifunga vizuri, na huyo naye hakujua kwamba anamjua.

Mtambo wa zamani aliufahamu kama mtu anavyofahamu jiko lake. Ulikuwa na kipimo chenye mshale. Mshale ukipanda mpaka alama nyekundu, alitazama saa ya ukutani, akahesabu nusu saa kamili, na umeme ukikatika katikati alianza upya, hata kama daktari anagonga mlango kwa teke. Nje ya kila furushi alibandika tepu yenye mistari myeupe ambayo ikipata joto hugeuka myeusi. Mistari ikiwa myeusi na nusu saa imetimia, furushi lilitoka.

Mwaka jana mwezi wa tatu ukaletwa mtambo mpya. Ulikuwa unang'aa, hauna mshale, una kioo chenye maandishi yanayotembea, na ubavuni una mdomo unaotema kikaratasi chembamba kama risiti ya dukani. Wafadhili waliouleta waliweka sharti: watumiaji kumi na wawili wapewe mafunzo ya siku tatu, na orodha ya majina yao ipelekwe ikiwa na saini. Ukumbi ukapatikana kule Mbweni, wenye viyoyozi na chai ya saa nne.

Hapo ndipo desturi ya nyumba ile ilipofanya kazi yake. Upasuaji haukusimamishwa hata kwa siku moja. Katibu wa afya wa hospitali, Bwana Projestus, mtu mwenye sauti ya taratibu na viatu visivyoguswa na vumbi, alifika mwenyewe mpaka mlango wa chumba cha vyuma.

"Mama Lulu," alimwambia, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa kwa jina la bintiye, "wewe ndiye roho ya chumba hiki. Ukienda wewe, nani atabaki?"

Sifa ile ilimpendeza, na mimi ninayesimulia sioni haya kusema kwamba sifa ni kamba laini ya kumfungia mtu. Aliyepaswa kwenda kabla ya wote ndiye aliyeachwa kwa sababu kazi haiendi bila yeye. Waliokwenda ni watano, na katika hao watano wawili walikuwa watu wa ofisini ambao hawajawahi kufunga furushi maishani mwao. Majina saba yaliyobaki yalitiwa saini na waliohudhuria. Hospitalini waliliita jambo hilo kusainiana. Halikuonekana kuwa wizi wala uongo, lilionekana ubinadamu. Mwenzako amebaki kukushikia wodi, je, umwache akose cheti? Anastasia mwenyewe, miaka minne kabla, katika mafunzo ya kutupa taka za hospitali, alitia saini mara mbili: yake, na ya Monica.

Monica alikuwa nesi wa thieta na rafiki yake wa pekee pale kazini. Leonardi alipofariki, Monica ndiye aliyelala chini kwenye mkeka naye siku zote za matanga. Safari hii ilikuwa zamu ya Monica kulipa wema. Siku ya tatu alirudi kutoka Mbweni na sambusa mbili kwenye karatasi na cheti chenye jina la Anastasia kwa herufi za rangi ya dhahabu.

"Haya, dada, mtaalamu mwenyewe huyo," alimtania. "Nimekusainia namba tisa. Saini yako ngumu kama nini, utadhani kuku kapita!"

"Na darasa je? Walisema nini?"

"Walisema mengi, ila nusu Kiingereza, na mie usingizi. Sikiliza: unapanga vitu, unafunga mlango, unabonyeza hapa. Ikilia, tayari. Fungua."

"Na hiki kikaratasi?"

"Aa, hicho kinatoka tu."

Mafunzo ya siku tatu yakaisha kwa dakika tano, wakiwa wamesimama, mmoja wao akiwa na sambusa mdomoni.

Mwezi wa nne mvua zikaanza, na umeme ukawa unapepesa. Ulikatika, jenereta ikanguruma, ukarudi, ukakatika tena. Mtambo mpya ulilia kila mara, na kila ulipolia Anastasia aliusubiri upoe, akafungua, akatazama tepu. Mistari ilikuwa myeusi. Vikaratasi alivikusanya na kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Vingine aliviandikia nyuma namba za simu. Kuna siku aliona kazi imekwisha upesi mno, akasimama mbele ya kile kioo akayatazama maneno yanayopita. Alimaliza darasa la saba, na Kiingereza chake kilikuwa cha kusoma majina ya dawa. Alitaka kwenda kuuliza. Kisha akakikumbuka cheti. Mtu mwenye cheti ataulizaje?

Katika majuma matatu, wanawake kumi na mmoja waliojifungua kwa upasuaji walirudi hospitalini na vidonda vinavyotoa usaha. Kumi walipona kwa dawa na kwa maumivu. Wa kumi na moja alikuwa Khulud, binti wa Matar, mwenye duka la nafaka na viungo pale Mtoni, duka ambalo Anastasia alikuwa akinunua mchele tangu enzi za baba yake Matar. Khulud alikuwa na miaka ishirini na minne na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Usaha ulikuwa umeingia ndani. Mtoto alisalimika. Mama naye alisalimika, lakini ili abaki hai madaktari walimwondoa kizazi.

Fundi wa mitambo aliletwa kutoka ofisi za mkoa. Hakuufungua hata mtambo. Aliinama kwenye ndoo ya taka, akaokota vikaratasi, akavinyoosha kimoja kimoja juu ya meza.

"Mama, hivi huwa mnavisoma?"

"Kinasemaje?"

"Hiki kinasema kazi imekatishwa njiani, joto halikutimia. Hiki nacho. Na hiki." Alivipanga kama karata. "Mtambo unalia mara mbili ukimaliza. Ukilia mara moja tu, maana yake umeshindwa."

"Lakini tepu ilikuwa nyeusi."

"Tepu inakwambia furushi limepita kwenye joto. Haikwambii limekaa kiasi gani. Mambo haya yalifundishwa siku ya pili, mama. Si ulikuwepo?"

Anastasia aliiangalia mikono yake, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu aliiona michafu.

Barua ya kumtaka ajieleze ilikuja baada ya siku mbili, na siku ya tatu akaitwa ofisini kwa Bwana Projestus. Katibu alimkaribisha kiti, akamsukumia karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, mhudumu wa afya, alipata mafunzo kamili ya mtambo, kwamba alipitiwa kutokana na wingi wa kazi, na kwamba anaomba radhi.

"Mama Lulu, umebakiza mwaka mmoja na miezi ustaafu. Ukitia saini hapa, nitasimama mwenyewe mbele ya kamati. Utapewa onyo la maandishi, basi. Onyo haliui mtu."

"Ila mie sikwenda Mbweni, Bwana Katibu. Wewe ndiye uliyeniambia nibaki."

"Nilikuambia?" Alishangaa kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kujizoeza mshangao huo. Akafungua jalada. "Karatasi ya mahudhurio hii hapa. Namba tisa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kama si wewe, basi kuna mtu kaghushi hati ya serikali. Hilo si la onyo, mama. Hilo ni la polisi. Unataka nimtafute huyo mtu?"

Hapo ndipo alipouona mtego wote, kamba na kitanzi. Akisema kweli yote, Monica ataangamia. Akinyamaza, atabeba peke yake zigo lililofungwa na wengi, na yale majina mengine sita ya watu wasiojua kitu yatabaki kwenye karatasi yakiitwa wataalamu. Akaomba siku moja.

Jioni alimfuata Monica kwake, akamkuta anachambua mboga uani.

"Dada, saini hiyo karatasi," Monica alisema kabla hajaulizwa. "Onyo ni kitu gani? Mie nina watoto watatu shuleni."

"Sitakutaja. Lakini nitasema sikuwepo. Na wewe ukiitwa, useme tu hukuniona. Hilo tu, Monica. Usiseme nani alisaini, sema hukuniona."

Monica aliendelea kuchambua mboga. "Tutaona," alisema.

Anastasia hakutia saini karatasi ya katibu. Aliandika yake kwa mkono, kurasa mbili, kwa herufi zile zile zilizofanana na nyayo za kuku. Aliandika kwamba vyuma vilivyomdhuru Khulud ni yeye aliyevitoa, na mkono ule hawezi kuukana. Aliandika kwamba hakufundishwa, kwamba aliambiwa abaki, na kwamba waliofika ukumbini hawakuwa kumi na wawili. Akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: kwamba yeye pia, miaka minne iliyopita, aliwahi kumsainia mwenzake. Palipohitajika jina la aliyesaini namba tisa, aliacha nafasi tupu.

Huo ulikuwa ukweli nusu, na ukweli nusu katika meza ya wakubwa ni sawa na kisu unachompa mwenzako ukiwa umeshika wewe makali. Kamati ilikuwa na watu watano. Mmoja wao ni Bwana Projestus, aliyeandaa mafunzo yenyewe. Walisoma kurasa mbili zile wakaenda moja kwa moja kwenye mistari miwili waliyoihitaji.

"Kumbe wewe mwenyewe ni mzoefu wa kughushi," alisema mwenyekiti.

"Nimesema ili mjue ni desturi, mheshimiwa. Si yangu peke yangu."

"Jibu ulichoulizwa."

Kisha akaitwa Monica. Aliingia na sare yake iliyopigwa pasi, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Nesi, ulimwona mtumishi huyu katika mafunzo?"

Anastasia alimtazama. Monica hakumtazama.

"Nilimwona," alisema. "Alikaa safu ya nyuma."

Taarifa ya kamati ilikuwa fupi. Karatasi ya mahudhurio haikuwa na dosari. Mhudumu alikuwa mzembe na si mkweli. Alipewa onyo kali na kuhamishiwa zahanati moja huko Goba, afagie na kudeki, mbali na chuma chochote. Familia ya Matar iliandikiwa barua yenye nembo, ikielezwa kwamba tukio lilisababishwa na mtumishi mmoja ambaye tayari alikuwa amepatiwa mafunzo stahiki, na kwamba hatua zimechukuliwa. Bwana Projestus naye akaalikwa mkoani kueleza jinsi hospitali yake ilivyofikisha asilimia mia ya watumishi waliofunzwa. Nani aliuliza kama asilimia hizo zinaweza kusoma kikaratasi? Hakuna. Katika nchi yetu tumeweka walinzi wengi wa makabati ya mafaili, tukasahau kuweka hata mmoja wa kulinda kitanda cha mgonjwa.

Pengine Anastasia angekaa kimya Goba mpaka siku ya kustaafu. Aliudhika, aliaibika, na aibu humfanya mtu apende vilima vya mbali. Lakini asubuhi moja, akiwa na ufagio mkononi, simu iliita. Alikuwa Hamida, mhudumu wa wodi ya wanaume, mwanamke wa makamo ambaye siku zile tatu za Mbweni alishinda akisukuma vitanda na kubadili mashuka. Kwenye karatasi alikuwa namba kumi.

"Mama Lulu, habari za huko milimani? Wamenitupa kwenye chumba chako leo. Eti mie nimefunzwa!" Hamida alicheka. "Hebu niambie, hii ikilia ndo tayari, eti? Nifungue?"

Ufagio ulimponyoka.

"Usifungue! Hamida, imelia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Umetoa mafurushi mangapi tangu asubuhi?"

"Mawili," alisema Hamida, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Moja wameshalichukua thieta."

"Kimbia. Waambie wasilitumie. Kimbia, mama, simu usiikate!"

Alibaki amesimama na simu sikioni, akisikiliza kandambili za Hamida zikipiga sakafu ya korido, milango ikipigwa, mtu akifoka. Baada ya muda mrefu Hamida alirudi akihema. Walikuwa hawajalifungua furushi. Daktari alikuwa amekwisha kuvaa glavu.

Mchana ule Anastasia hakumalizia kudeki. Alichukua nakala ya kurasa zake mbili akashuka Mtoni, mpaka dukani kwa Matar.

Matar alikuwa amekwenda msikitini kwa swala ya alasiri. Nyuma ya meza, kati ya magunia ya iliki na dengu, alikaa mkewe, Khairiya, na kando yake Khulud, mtoto akimlalia begani. Khulud alikuwa amekonda, akikaa upande kama mtu anayeogopa tumbo lake mwenyewe.

"Karibu, Mama Lulu," alisema Khairiya, kwa kuwa mdomo wa mfanyabiashara hukaribisha kabla moyo haujaamua. Akavuta kiti. "Kaa."

"Asikae," alisema Khulud.

"Mwanangu!"

"Mama, asikae. Barua si uliisoma? Huyu ndiye."

Anastasia hakukaa. Aliweka kurasa zake juu ya meza.

"Ni mie kweli," alisema. "Vyuma vyako nilivitoa mie. Sikuja kujitakasa. Nimekuja kwa sababu leo kidogo yampate mwingine, na yatampata, maana hakuna aliyefundishwa. Ile barua mliyoletewa ni uongo. Hospitali inajua, na imeamua kutojua. Mie nikisema, ni mfagiaji mwenye kinyongo. Nyie mkisema, hawawezi kuwahamishia Goba."

Khulud alisoma kwa mkono mmoja, akigeuza ukurasa kwa kidole gumba. Alisoma polepole, mpaka mwisho, akarudi nyuma akasoma tena mahali fulani.

"Ulijua?" aliuliza.

"Kwamba vyuma havijatakasika, sikujua. Wallahi sikujua." Anastasia, Mkristo wa tangu ubatizo, alikuta kiapo cha wenyeji wake kimemtoka chenyewe. "Ila nilijua kwamba sijafundishwa. Hilo nilijua kila siku niliyobonyeza ile mashine. Nilijua kwamba sijui, nikanyamaza."

Khairiya alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mtoto aliguna, akatulia.

"Hapa umeacha wazi," Khulud alisema, akiweka kidole kwenye ile nafasi tupu. "Nani alikusainia?"

Anastasia alimfikiria mwanamke aliyelala naye chini kwenye mkeka wa matanga. Akamfikiria pia mwanamke aliyesema safu ya nyuma. Hakuwa na hakika kama atakachosema kinatoka kwenye haki au kwenye hasira. Lakini kweli haigeuki uongo kwa sababu aliyeisema ana kidonda. Na huyu binti aliyekaa upande mbele yake alikuwa amelipa zaidi ya wote ili alijue jina hilo.

"Monica," alisema. "Nesi Monica wa thieta. Na yule niliyemsainia mie, miaka minne nyuma, ni yeye huyo huyo. Aliyetuambia tubaki ni katibu, Projestus."

Sauti yake ilikuwa imekauka. Khairiya alinyoosha mkono kuchukua gilasi ya maji, akaurudisha.

Khulud alimhamishia mtoto bega la pili, akaivuta ile barua yenye nembo kutoka kwenye droo, akaigeuza upande wake mtupu. Akachukua kalamu ya dukani, akaandika majina matatu, moja chini ya jingine, la Anastasia likiwa la kwanza.

"Majina ya mahudhurio yalikuwa kumi na mawili," alisema bila kuinua uso. "Endelea."